Neno Nililolilainisha

Isikizya, Uyui
Jumatatu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na kifua chako kisikusumbue huko mahabusu. Sisi huku tunapumua tu. Mama bado anakwenda misa ya asubuhi, na akirudi anakwenda moja kwa moja shambani. Kaka Emilian ndiye atakayekuletea barua hii pamoja na chakula.

Habari za kijijini ni nzito. Mizinga yenu yote ya magome, ile wanayosema inaua miti, askari wa misitu wameichoma, na nyuki wametawanyika hadi uwanja wa shule. Wazee wanasema yule mgeni wa mradi wa kuhifadhi msitu aliwachezea shere: mkutanoni alisema watu wataelimishwa taratibu, kisha akatuma watu wa pingu. Mzee Ambrosi ameapa akimwona tena atamfukuza kwa rungu. Nami huwasikiliza nimeinamisha kichwa.

Juzi nimepata wito wa mahakama. Nimeambiwa ni wewe uliyeomba niitwe, ukaapa kwa jina langu kwamba hamkuonywa, maana binti yako ndiye aliyefasiri siku ile ya mkutano, na binti yako hapindishi maneno. Wenzako watatu mnaoshtakiwa pamoja wamekataa kukiri kosa kwa sababu ya kauli yako hiyo.

Siku ile, juu ya mizinga ya magome, mgeni alitumia neno la Kiingereza, "crack down". Nalifundisha kila mwaka kidato cha tatu. Nawaambia wanafunzi kwamba serikali ikisema hivyo juu ya jambo fulani, muda wa kuonya umekwisha. Kinachofuata ni kukamata na kuadhibu, bila kumwonea mtu haya. Nawapa na mfano wa polisi na bodaboda wasio na leseni. Hakuna asiyeelewa.

Nilipogeuka kuwafasiria nikakuona mstari wa mbele, umevua kofia kwa heshima ya mgeni. Ningekwambiaje, mbele ya wazee wenzako, kwamba utafungwa pingu? Nikasema watakuwa wanafuatilia kwa karibu, tuendelee kuelimishana. Mkapiga makofi, mkarudi msituni kwenye mizinga yenu. Nilijiambia nitakueleza nyumbani. Sikukueleza, maana niliona aibu kujisahihisha.

Mgeni hakuwadanganya, Baba. Ni mimi. Alhamisi nitasimama niseme hivyo ukinitazama, ila nimetaka ulisikie kwangu kabla ya hakimu. Ukitaka kunikana, nikane, lakini usiape tena kwa jina langu.

Mama, ambaye hajui lolote, anakusalimu sana na anauliza akupikie nini siku utakayorudi. Wasalimie wenzako, kama watazipokea salamu zangu.

Ni mimi binti yako,
Advera