Baba, Unga Umesimama

Baba,

Shikamoo huko uliko. Wameondoka. Nakuambia hilo kwanza, kabla ya salamu ndefu, maana najua ndilo ungeuliza. Mama ameondoka, Mama Mdogo, mke wako Mngoni, ameondoka, Bibi ameondoka mgongoni mwa mwanao Saidi, na wadogo zangu wote pamoja na yatima wa dada yako. Wameshika njia ya kusini alfajiri ya leo, kwenda kuvuka Ruvuma, kwa ndugu zako walio upande wa Wareno. Mimi nimebaki Songea.

Nimekaa karibu na kaburi lako, huku mteremkoni, nikijifanya natafuta kuni. Nakuandikia kwa herufi ulizonifundisha mwenyewe, kwa sababu hapa mjini hakuna tena mtu wa kusema naye lugha ya nyumbani. Na kwa sababu nina ugomvi na wewe. Ungekuwa hai ningekuja uso kwa uso, ungekunja kanzu yako, ungekaa, ungesema, "Haya, Zainabu, mwaga sumu yako." Basi nimekuja kuimwaga.

Ugomvi wenyewe ni wa unga.

Unakumbuka tulivyohama Kilwa? Mji mzima ulitushangaa. Mtu ana nyumba karibu na soko, ana jirani wa kumwazima chumvi, msikiti u pua na mdomo, halafu anamchukua mama yake, mke wake na watoto chungu nzima, anawapeleka bara kwa Wangoni, nchi yenye mfalme wake na sheria zake! Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Bibi yeye alicheka tu, akasema Myao asiyesafiri labda ni mgonjwa. Wewe ukasema biashara ya Kilwa imekwisha, kwamba anayekaa mahali pa kufa atakufa, na kwamba Ungoni kuna watu wanaotaka nguo na hakuna wa kuwauzia.

Lakini hukuthubutu kutoka bila kumuuliza baba yako, ingawa alikuwa amekwisha kufa zamani. Jioni ile ulichukua unga wa mtama, ukachuchumaa upande wa kichwani mwa kitanda, ukaumwaga polepole kwa ncha za vidole huku ukitaja jina la kila mmoja wetu atakayesafiri, mpaka ukawa kichuguu chenye ncha. Ukaufunika kwa chungu. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikugombeza sana alipopata habari, nawe ukamjibu kwamba huombi mungu mwingine, unamuuliza mzee wako njia. Asubuhi ulipofunua chungu, unga ulikuwa umesimama vilevile, hata punje haikuteleza. Ulipiga kofi paja lako. Ulisema, "Mzee ameruhusu. Fungeni mizigo."

Mzee aliruhusu, Baba. Sasa tazama tulipo.

Sikulaumu kwa vita. Hakuna aliyejua vita vinakuja, na wewe hukunywa maji ya dawa wala hukushika mkuki. Ulikuwa mgeni mwenye duka. Lakini duka liliungua na maduka mengine, na walipokuja kukusanya watu wa kubeba mizigo ya askari hawakuuliza nani kanywa na nani hakunywa. Ulibeba mzigo ukaenda nao kijiji hadi kijiji, wakichoma mashamba na maghala, na uliporudi ulikuwa na kikohozi, na macho ambayo hayakutaka kumtazama Mama Mdogo. Ulijua ni vijiji vya kwao. Kaka zake hawakurudi hata mmoja. Yeye alikuchemshia majani, akakukanda kifua, na siku uliyokufa alilia kuliko sisi sote.

Tangu siku hiyo haya ndiyo yaliyobadilika. Chakula hakipo. Watu wanachimba mizizi porini, na sasa mizizi nayo wanaigombania. Mtoto wa mwisho wa Mama Mdogo, yule uliyekuwa ukimwita Mkwe Wangu kwa utani, amekufuata. Amelala kushoto kwako, bila shaka mmekwisha kuonana. Watu waliobaki wamezuiwa kuhama. Jumbe aliyewekwa na boma la Mjerumani hupita nyumba kwa nyumba akihesabu, na wanaokamatwa njiani hurudishwa wamefungwa kamba. Saidi alikwisha kuambiwa kwamba zamu yake ya kutengeneza barabara imefika. Wanaokwenda huko hawarudi na nyama mwilini.

Na mimi nimeolewa. Samahani, habari hii nimeichelewesha. Nimeolewa na ombasha mmoja, askari mwenye cheo wa bomani, mtu wa mbali, mwenye alama tatu shavuni na Kiswahili cha kambini. Hakuna aliyenilazimisha kwa fimbo. Alinitaka kisimani, akaja nyumbani na mfuko wa mtama wa posho, akauweka mbele ya Bibi. Watoto waliutazama mfuko ule, mimi nikawatazama watoto, na hapo ndipo ndoa ilipofungwa. Si mtu mbaya sana. Hanipigi. Lakini kila siku jua likishuka anakuja kula, na lazima anikute. Nikikawia mtoni anauliza nilikuwa na nani. "Wewe bibi yangu, hapana toka," ndiyo kauli yake, na huisema akitabasamu, kama vile ananipa zawadi. Baba, kuna siku nimesimama mlangoni nikatazama vilima vya Matogoro mpaka ugali ukaungua, kwa sababu tu vile vilima viko nje.

Basi habari ikaja kwamba ndugu zako ng'ambo ya Ruvuma wanavuna, na kule Mjerumani hana amri. Kukaa hapa ni kufa polepole. Mvua nazo zi karibu, zikianza mto hautavukika tena mpaka mwaka ujao, na mwaka ujao nani atakuwa hai wa kuvuka? Mama alisema twende. Mama Mdogo alisema twende. Saidi alikwisha kufunga kamba za mkeka. Bibi akasema, "Tutakwenda, lakini kwanza tumuulize mwanangu."

Mwanawe ni wewe. Sasa ni wewe unayeulizwa.

Nilificha unga kwenye kanga, konzi moja kutoka posho ya ombasha, nikaupeleka nyumbani. Konzi ile ilikuwa uji wa watoto wawili. Bibi alichuchumaa kama ulivyochuchumaa wewe, akamwaga, akataja majina: Mama, Mama Mdogo, Saidi, mimi, na wadogo mmoja mmoja. Akafunika. Asubuhi nilikimbilia nyumbani kabla ya kwenda kisimani. Alipofunua, kichuguu kilikuwa kimeporomoka upande mmoja. Bibi akasema tu, "Hataki."

Hutaki nini, Baba? Wadogo zangu waliulamba unga ule chini pamoja na vumbi, na Bibi hakuwakemea, maana mwenye njaa hana miiko.

Nikaiba konzi ya pili. Ukaanguka tena. Safari hii Mama alikasirika, akasema kwa sauti, wewe unaisikia, kwamba hata ulipokuwa hai ulikuwa mgumu kujibu. Mama Mdogo, ambaye kwao wana njia nyingine za kusema na mahoka, mizimu ya wazee wao, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Akasema, "Mwanangu, mimi si wa kabila lenu, sijui unga. Lakini mkono naujua. Mtazame bibi yako mkono anapofika kwenye jina lako."

Sikuhitaji kutazama. Nilikuwa nimekwisha kuona mara zote mbili, nikajifanya kipofu. Bibi anamwaga vizuri kwa Mama, vizuri kwa Saidi, akifika "Zainabu" vidole vinatetemeka, unga unadondoka kwa fungu, na kichuguu kinapata ufa. Alikuwa akitaja jina ambalo moyo wake ulijua halitoki. Sote tulijua. Nikitoweka mimi, ombasha atajua siku hiyohiyo jua likishuka, na kabla ya asubuhi askari watakuwa njiani. Watu wenye kikongwe na watoto wadogo wataenda kasi gani? Lakini nikiwepo, nikampikia, nikamchemshia maji ya kuoga, hataulizia wakwe zake. Hajawahi kuwaulizia. Tulijua hivyo tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyekuwa na kinywa cha kulisema. Walikuwa tayari kufa njaa wote kwa kuogopa kuniacha mimi, na mimi nilikuwa tayari kuwaacha wanisubiri. Ndiyo, nilitamani wanisubiri.

Konzi ya tatu nilimpa Bibi mwenyewe mkononi. Nikamwambia, "Bibi, leo usinitaje."

Alinipiga kibao. Bibi, ambaye hajawahi kunigusa tangu kuzaliwa! Kisha akanivuta akanibana kwenye mifupa yake na kuniita mama yake, mama yake, mama yake. Mama alitoka nje. Halafu Bibi akafuta macho, akachuchumaa, akamwaga. Alimtaja kila mtu. Pale palipokuwa pangu aliruka kama mtu anavyoruka kijito, na unga uliendelea kushuka mwembamba, sawasawa.

Leo alfajiri nilimwambia ombasha nakwenda kisimani mapema kabla watu hawajajaa. Nilikuwepo Bibi alipofunua chungu.

Umesimama, Baba. Wima. Na ncha yake.

Sasa niambie nifanye nini na jibu hilo. Mama alisema umewaruhusu. Saidi alisema umewaruhusu. Wadogo walirukaruka, hawajui kitu, wanafikiri nitawafuata kesho na ndoo yangu. Akili yangu inaniambia ulikuwa mkono wa Bibi tu, kwamba haukutetemeka kwa kuwa hakukuwa na jina la kuutetemesha. Lakini moyo hausikii hayo. Moyo unasema umenitazama kutoka humo ulimo ukasema, huyu abaki. Mimi, uliyenifundisha alifu na bee ukiwaacha wanaume wakicheka. Mimi niliyekulisha uji kwa kijiko ulipoishiwa nguvu. Nimekasirika sana, na sina mwingine wa kumkasirikia, kwa hiyo vumilia.

Tuliupika unga ule. Bibi alisita, nikamwambia jibu tumekwisha kulisoma, halina haja ya kukaa chini likiliwa na mchwa. Ukawa uji mwepesi, watoto wakanywa ndipo wakatoka. Mama Mdogo alinivua shanga za shingoni mwangu akanivisha zake, alizopewa na mama yake. Saidi alimbeba Bibi, akageuza uso, akaenda. Mama alirudi mara mbili kama mtu aliyesahau kitu, mara ya pili nikamsukuma. Nilimsukuma mama yangu, Baba, kwa mikono miwili, na mgongo wake ulikuwa mwepesi sana.

Jua limeanza kushuka. Nimeokota kuni za kutosha uongo wangu. Nikitoka hapa nitasonga ugali, nitachemsha maji, nitacheka ombasha akisema jambo la kuchekesha. Jumbe akija kuhesabu nitamwambia wamekwenda kuchimba mizizi upande wa Matogoro, wamelala huko kwa jamaa wa Mama Mdogo. Kesho nitasema hivyo tena kwa sauti ileile. Nitaendelea kusema mpaka nihesabu moyoni kwamba miguu ya Saidi imelowa maji ya Ruvuma na kukauka upande wa pili. Baadaye wakinifunga, watakuwa wamemfunga mtu mmoja.

Hilo ndilo la kwanza ninalokuahidi, nawe ulale, usiwe na wasiwasi juu yao.

La pili ni hili. Karatasi hii nitaifukia hapa pembeni yako sasa hivi, uisome polepole. Kilwa ulimuuliza baba yako, akakubali, na umelala hapa. Sisi tumekuuliza mara tatu, na mimi nimebaki. Nimeacha kuuliza, Baba. Siku yangu itafika. Ombasha atahamishwa, au atalewa, au mimi mwenyewe nitachoka kuogopa. Siku hiyo sitamwaga unga. Sitakuja hapa kuomba njia. Utanisikia tu nikipita hapo juu, nikielekea kusini, na hatua zangu hazitapunguza mwendo.

Nakupenda. Kwaheri.

Mwanao,
Zainabu