Mkate Ulioumuka Garini

Jumamosi, 3 Agosti 1996

Dawa ya mke wangu Zuwena saa mbili. Chai saa tatu. Nimemchana nywele, nimemsuka mkia mmoja, kasema umekwenda upande. Kweli umekwenda upande. Mkono wake wa kulia umo ndani ya plasta tangu alipoteleza bafuni, na plasta haifunguliwi mpaka Septemba.

Simu leo kutoka Unguja. Dada yake, Thuwaiba, anakuja huku kwetu ng'ambo Alhamisi ya tarehe kumi na tano. Hawajaonana miaka thelathini na mbili. Zuwena kacheka, kisha kalia. Nikadhani furaha. Kumbe si furaha tu. Alimwandikia zamani kwamba siku atakayofika atakuta mezani mkate wa kumimina, wa mchele na nazi, kama wa marehemu mama yao. Thuwaiba hajawahi kuuweza. Mkono unaoujua mkate ule ni mmoja tu, na ndio uliovunjika.

Nimesema nitaupika mimi. Sijui nilipatwa na nini. Mimi karani mstaafu, chai yenyewe nimejifunza mwezi uliopita.

Jumapili, 4 Agosti

Nilipopeleka posa, Thuwaiba ndiye aliyemwambia baba yao, "Yule hajui hata kuchemsha maji." Hakukosea. Lakini maneno yale nnayo mpaka leo.

Zuwena katoa sharti. Dada ataambiwa kapika Asya, binti yetu. Anaona haya ijulikane kuwa mume ndiye aliyeingia jikoni. Nimekubali. Imeniuma kidogo. Si kidogo.

Mchele nimeuroweka.

Jumatatu, 5 Agosti

Nazi nimezifuata sokoni Matrah. Ya kopo Zuwena hataki hata kuisikia. Basi nimekaa juu ya mbuzi, mzee wa miaka sitini na mbili, magoti yanalia, nakuna nazi. Zuwena mbele yangu kwenye kiti, anaamrisha kwa mkono wa kushoto. "Baba Asya, usifike kwenye kifuu, tui litaingia weusi!" Nimefika kwenye kifuu. Nimekuna hata kidole changu.

Nimesaga mchele kwa tui, nimetia hamira, sukari, iliki, nimefunika. Saa nzima. Saa ya pili. Rojo limelala tu. Nyumba yetu baridi: plasta inamwasha akipata joto, kwa hiyo kiyoyozi hakizimwi. Nikapika hivyo hivyo. Imetoka kandambili. Zuwena kacheka mpaka kashika mbavu, mara ya kwanza tangu aanguke. Nimefurahi na nimekasirika, yote mawili.

Jumatano, 7 Agosti

Akili imenijia nikitoka kuswali adhuhuri, niliposhika usukani nikaungua. Joto si hili hapa! Uani kuna paka wa jirani, lakini garini hawaingii. Nimeliweka bakuli la rojo jipya kiti cha mbele, nimefunga vioo vyote, nimeingia ndani kujinyoosha.

Mjinga mimi. Jua la mtaa wetu huu wa Hail, mwezi wa Agosti. Nilipotoka, rojo limepanda, limefurika, limemwagika kitini, limeingia mpaka kwenye mkanda. Limechacha, na pembeni limeshaanza kuiva. Nimesugua mpaka alasiri. Zuwena kasimama mlangoni, kasema, "Sasa gari ndilo ulilolipika." Sikucheka. Nikamwambia akampikie dada yake mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Kaingia ndani. Naona haya hata kuliandika.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimemwomba radhi. Kanyoosha mkono ule mzima, nimkate kucha. Nimekata.

Jumanne, 13 Agosti

Jaribio la tatu. Gari kivulini, kioo wazi kidogo. Likaumuka vizuri kabisa. Kisha nikalikoroga. Kwa nini nimelikoroga? Nimeona povu, nikadhani limeharibika, mkono ukaenda wenyewe. Zuwena kapiga ukelele utadhani nimechoma nyumba. Rojo likishaumuka haliguswi. Mwaka wa thelathini na ngapi nala mkate huu, na hilo silijui!

Kasema basi, tutanunua keki dukani. Kasema huku kageuza uso. Nimesema ng'o. Siwezi kumwona akimkaribisha dada yake kwa keki ya dukani.

Alhamisi, 15 Agosti

Ndege inatua magharibi. Naandika haya garini, saa tisa na nusu alasiri, kwenye kivuli cha ukuta, kioo wazi vidole viwili, bakuli mapajani. Natota. Jirani kapita, kanisalimu, katazama bakuli, kaharakisha. Aende akaseme anavyotaka. Linapanda, taratibu. Naogopa hata kukohoa.

Baadaye. Sikukoroga. Samli ilipopata moto nikamimina, matundu yakafunguka moja moja. Kwanza moto mdogo chini, kisha oveni, moto wa juu, maana mkaa wa kuweka juu ya kifuniko hapa sina. Umetoka na rangi. Zuwena kauminya kwa kidole, ukarudi. Kanifuta paji la uso kwa mtandio wake.

Thuwaiba kazeeka. Anatembelea mkongojo. Wamekumbatiana mlangoni, plasta katikati yao, mimi nikageuka nikajifanya nashughulika na sanduku. Kakaa. Kala kipande. Kafumba macho, katafuna pole pole. Kauliza, "Nani kapika?"

Asya kafungua mdomo, kama tulivyopanga. Zuwena kamtangulia. "Mume wangu," kasema. "Nazi kakuna mwenyewe, mchele kasaga mwenyewe, rojo kakaa nalo garini na joto lote hili." Kasema kwa sauti, mkwe wetu, mumewe Asya, yupo, kichwa juu.

Thuwaiba kanitazama sana. Nilijiona nimerudi barazani kwa baba yao, na posa yangu mkononi. Kisha kasukuma sahani. "Shemeji, nikatie kingine."

Nimekata. Nampenda Zuwena. Sijawahi kuliandika humu, basi leo nimeliandika.

Jumatatu, 9 Septemba

Thuwaiba karudi Unguja juma lililopita. Kipande cha mwisho kakifunga kwenye leso, kakitia mkobani.

Plasta imefunguliwa leo asubuhi. Mkono umekuwa mwembamba, umepauka, kidole gumba hakikunji vizuri. Nimemchana nywele kwa mazoea. Anaweza mwenyewe sasa, lakini hakunizuia.

Nimerudi kuswali alasiri, jikoni hamna mtu. Mbuzi imeachwa wazi sakafuni, vifuu pembeni. Funguo za gari hazipo ukutani. Nimetoka nje. Gari kivulini, kioo wazi vidole viwili. Zuwena kakaa kiti cha mbele, bakuli mapajani, kalifunika kwa mtandio, anatota. Kaweka kidole mdomoni, nisiseme. Nikazunguka upande wa pili, nikafungua mlango taratibu, nikakaa naye.