Pakiti ya Kijani Juu ya Faili la Wanachama

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo Kidogo cha Polisi Hai-wei, Tainan
Jina la shahidi: Tseng Yueh-o (mwanamke)
Umri: miaka 57
Kazi: mwandishi wa programu, mtunzaji wa sehemu ya mafaili katika kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta
Makazi: nyuma ya soko la samaki, Hai-wei
Kuhusu: kuvuja kwa faili la siri la Ushirika wa Wafugaji wa Mwatiko, Hai-wei
Mtuhumiwa: Shih Po-han, miaka 29

Mimi Tseng Yueh-o nimekuja hapa kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Nimemwomba Afande Chuang, anayeandika, asinipambe wala asinipunguze makali.

Naanza na kazi yangu, maana hapa mezani nimeshaulizwa kama ninatengeneza kompyuta zilizoharibika. Sitengenezi. Kila kompyuta ina kiini, yaani programu ya chini kabisa ambayo programu nyingine zote huipigia magoti zikitaka kitu. Ukitaka kufungua faili, unakiomba kiini, nacho ndicho kinachoamua ufungue au urudi ulikotoka. Kiini ninachokishughulikia kimeandikwa na watu wa nchi nyingi ambao wengi wetu hatujawahi kuonana uso kwa uso. Kipo pia kwenye mashine ya ushirika. Mimi na wenzangu wachache tunaangalia sehemu ya mafaili.

Mtuhumiwa namfahamu vizuri. Nilimfundisha chuoni, na sasa ndiye anayeangalia kompyuta za ushirika. Ni mtu wa haya. Akikukanyaga anaomba radhi mpaka unachoka wewe uliyekanyagwa.

Mnamo tarehe 11 Machi mwaka huu, asubuhi, faili la siri la wanachama lilionekana kwenye ukurasa wa matangazo wa ushirika, mahali ambapo mtu yeyote anasoma. Ndani yake mna namba za vitambulisho, na mna majina ya walioomba msaada samaki wao walipokufa kwa baridi. Kwetu hapa mtu anaweza kufiwa na bwawa zima na bado akakwambia mambo ni mazuri. Basi mjue aibu iliyotokea. Kumbukumbu ya mashine ilionyesha kuwa aliyelifungua faili lile ni Shih Po-han. Mwenyekiti wa ushirika, Bwana Hsu, akapiga simu polisi. Kijana akasimamishwa kazi na akaambiwa atafikishwa mahakamani. Akipatikana na hatia, hakuna atakayemkabidhi tena mashine yoyote maisha yake yote, na kazi nyingine hajui.

Tarehe 14 nilikwenda kula uji wa mwatiko, samaki wetu wa mabwawani, kwenye kibanda cha mama yake, nikakuta pamefungwa. Jirani akaniambia mama amechoka kuulizwa habari za mwanawe huku anapakua. Nilikasirika, sifichi. Nikaenda moja kwa moja nyumbani kwao.

Po-han alinifungulia mlango. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sijalifungua."

Nikamwambia, "Mashine inasema umelifungua."

"Inasema. Lakini sijalifungua."

"Basi mmoja wenu ni mwongo, na mashine haina mama wa kuionea haya. Vaa viatu twende."

Mwenyekiti hakutupokea kwa furaha. Alisema, "Mama Tseng, mnatupotezea muda. Jina lake si hilo hapo?" Nikamwomba aniletee kiti na chai, nikakaa.

Niliisoma programu ya Po-han mstari kwa mstari. Inapita kwenye folda ya matangazo, inachukua kila kilichomo na kukinakili kwenye ukurasa wa umma. Inafanya hivyo kwa mamlaka ya Po-han, ndiyo maana jina lake linaandikwa. Kabla ya kunakili inakiuliza kiini: hiki ni kitu cha kuonwa na watu wote? Tena Po-han alikuwa amekiamuru kiini kwamba kikikuta njia ya mkato, yaani jina linaloelekeza kwenye faili lililoko kwingine, kisiifuate. Kazi safi kabisa. Chuoni nilimpa alama ndogo, na leo ningemwongezea.

Tatizo lilikuwa kwenye kiini. Diski ya ushirika ni kongwe na iko jengo la pili, inafikiwa kwa waya. Kwenye diski za namna hiyo kiini kilikuwa kinakagua jina, kinasema sawa, halafu kikirudi kufungua kinaliita jina lile lile upya, na ile amri ya kutofuata njia ya mkato kimeshaisahau. Katikati hapo, jina likihamia kwenye kitu kingine, hakijui.

Nilipofika hapa katika maelezo haya, Afande Chuang aliniambia hajaelewa. Nikamwambia aite "Chen!" kwa sauti. Aliita, wakageuka askari wawili na mpishi. Nikamwambia, "Umemkagua Chen askari mlangoni, ukaingia ndani ukaita Chen, akaja Chen mpishi, ukampa bunduki. Jina ni lile lile." Askari walicheka sana, na mpishi akauliza bunduki yenyewe iko wapi.

Kwa hiyo nilishajua mlango uliachwaje wazi. Ilibaki kujua nani alihamisha jina. Nikaifungua folda ya matangazo, nikaona kitu kimoja kinaitwa "Kaa Kwa Adabu", kina sura ya pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Pakiti hiyo, yenye jina hilo hilo dukani, kila mtu hapa anaijua. Inawekwa juu ya mashine ili isilete ukorofi. Iwe ya kijani, isiwe imefunguliwa, isiwe imepitwa na muda. Mimi ninayo juu ya mashine yangu na sina haja ya kumweleza mtu kwa nini. Hata juu ya kompyuta ya kituo hiki ipo.

Nikamfuata karani wa ushirika, Bi. Kuo Pao-chu, miaka 63, tunayemwita Shangazi.

"Shangazi, hii pakiti umeiweka wewe?"

"Nani kakwambia?"

"Shangazi!"

"Haya, ni mimi! Mwenyekiti alizitupa pakiti zetu zote, eti zinaleta sisimizi. Mashine yenyewe kikongwe vile, itakaaje kwa adabu mikono mitupu? Nikaona niiwekee ya picha, ndani kwa ndani. Sisimizi hali picha."

"Na ile tarehe 11 ulifanya nini?"

"Niliiangalia picha vizuri, kumbe pakiti imepitwa na muda, tarehe inasomeka kabisa! Nikaitoa mbio. Nikasema safari hii siiweki ovyo, naiweka juu ya kitu chenye maana. Nikachukua faili la wanachama, nikaliwekea pakiti juu."

Nilimwomba anionyeshe alivyoiweka. Alitengeneza njia ya mkato ya kwenda kwenye faili la wanachama, akaivalisha sura ya pakiti, akaipa jina "Kaa Kwa Adabu", akaiweka pale pale ilipokuwa picha ya zamani. Kwa akili yake, pakiti ilikuwa imekaa juu ya faili. Kwa mashine, alikuwa ametoboa mlango wa faili la siri ndani ya folda ya matangazo. Na dakika hiyo hiyo programu ya Po-han ilikuwa inapita. Kiini kikakagua picha, kikaruhusu, kikageuka, kikaita jina, kikaletewa faili la wanachama.

Nilipomweleza, Shangazi alikaa chini. Akauliza, "Watanifunga?"

Nikamwambia, "Kwa kuweka pakiti? Tainan nzima ingekuwa ndani."

Akalia, halafu akasema, "Na mtoto wa watu anasemwa kwa ajili yangu." Akavua miwani akaenda kumshika Po-han mikono yote miwili. Po-han, kama kawaida yake, akamwomba yeye radhi.

Niliandika marekebisho ya kiini na kuyatuma kwa wenzangu. Sasa kiini kikishakagua kitu kinakishika hicho hicho, hakikiachii mpaka kimalize. Jina likitaka kuhama lihame. Na amri ya kutofuata njia ya mkato inashikwa kwenye kila diski. Mwenzetu mmoja wa mbali aliyarudisha mara mbili, akisema nimeandika kama mtu anayekimbizwa. Tulirushiana maneno. Ya tatu akayapokea, na kusema kweli alikuwa na haki.

Chini ya kila rekebisho sisi huandika jina la mtu aliyeliibua kosa, na jina hilo halifutwi. Niliandika: "Aliyetoa taarifa: Shih Po-han." Akaniambia, "Mwalimu, litoe. Watu wakilitafuta jina langu watakuta la polisi na hilo." Nikamjibu, "Wakute yote mawili wachague." Sikulitoa.

Mnamo tarehe 19 Machi, saa nne asubuhi, nililirudia tukio zima kwenye mashine ya ushirika mbele ya Afande Chuang na Mwenyekiti, kwa faili la majaribio. Kwa kiini cha zamani faili lilitoka nje. Kwa kiini kipya lilikataa, na nikajaribu mpaka chai ikapoa. Mwenyekiti akasema, "Kumbe." Aliongeza kwamba Po-han arudi kazini Jumatatu. Nimefurahi, afande, tena sana. Andika hivyo.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho na kuyafanya kwa mikono, nimesomewa, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: Tseng Yueh-o
Tarehe 20 Machi

Maelezo ya ofisa: Nimeyachukua maelezo haya mimi, Chuang Ming-te, na kumsomea shahidi kwa sauti. Kabla ya kusaini alichukua kalamu yangu na kulikata neno "mtuhumiwa" kila lilipo, na juu yake akaandika "fundi". Kwa utaratibu shahidi haruhusiwi kusahihisha karatasi za kituo. Nililiona kosa hilo na sikumzuia.