Insha ya Amne

S.L.P. 41,
Handeni.
21 Septemba 1975

Mpendwa dada Zamda,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe, shemeji na wanao wote. Kifua cha shemeji kinaendeleaje na baridi hiyo ya Mbeya? Sisi huku hatujambo. Mama yupo Korogwe, miguu inamsumbua kidogo, lakini bado anashinda shambani na hataki kuambiwa apumzike. Mvua za vuli tunazisubiri.

Nimesikia kwamba binamu yetu Hamisa alipopita huko alikuambia nimerukwa na akili na nimeacha kazi. Simlaumu, maana alinikuta siku mbaya. Lakini sipendi ukae na wasiwasi, kwa hiyo acha nikueleze mwenyewe.

Tangu watu wa vitongoji vya mbali walipohamishiwa hapa kijijini mwaka jana, shule yetu imejaa mpaka watoto wengine wanakaa chini. Mimi nafundisha Kiswahili madarasa ya juu, na alasiri nafundisha kisomo cha watu wazima. Mwezi wa sita niliwapa darasa la sita insha, kichwa chake "Nyumbani Kwetu". Nilidhani nimewapa kitu chepesi. Kumbe watoto hawakuandika habari za hapa, waliandika za kule walikotoka. Mmoja aliandika mtungi wa mama yake uliovunjikia kwenye lori. Mwingine aliandika mbwa wao alivyolikimbilia gari mpaka akachoka, akakaa njiani akiwatazama.

Mwalimu wa hesabu hasomi mambo kama hayo, dada. Mimi nilikuwa nayasoma na kalamu nyekundu mkononi, natafuta wapi herufi imekosewa.

Yupo msichana anaitwa Amne, mpole, nyumbani kwao wanasema Kizigua tu. Yeye aliandika: "Kaburi ya bibi amebaki peke yake kule." Nikaikata "ya" nikaandika "la". Nilipofika kwenye "amebaki" mkono uligoma. Nilijiona kama mtu aliyeingia msibani kuwasahihisha wanaolia. Nikalifunga daftari bila kuweka alama, na mengine yote nikayaacha hivyo hivyo.

Baada ya hapo mambo yakaniharibikia. Chakula kilikuwa hakipiti. Nikilala nashtuka. Darasani nikawa mkali kwa vitu vidogo, kisha nikiwa peke yangu najifuta machozi, mwanamume mzima na ndevu zangu. Siku moja nilisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, nikafungua mdomo na neno halikutoka. Watoto wakabaki wananitazama. Nikaiweka chaki nikaenda zangu nyumbani. Ndiyo siku Hamisa alipofika akanikuta nimekaa uani, ananisalimu wala simjibu.

Kesho yake nilipanda basi nikaenda Ngombezi kuomba ukarani kwenye mashamba ya mkonge. Nilitamani kazi ya kuhesabu matita ya mkonge, kitu ambacho hakina bibi. Wakaniambia nirudi mwanzo wa mwezi na vyeti vyangu. Nilirudi nyumbani najifanya nimefurahi.

Wifi yako Tatu hakudanganyika. Siku ile ile nilipokuwa Ngombezi alijifunga kanga yake akaenda kwa mwalimu mkuu, bila kuniambia. Mwalimu mkuu wetu ni Dunstan, mtu wa Vugiri, mzee wa maneno machache. Alipobisha hodi jioni ile nilijua nimekwisha, amekuja kuniambia kwamba habari zangu ameshazifikisha wilayani.

Alikaa, akapokea chai, akaniuliza, "Rehani, ni insha, siyo?"

Nikasema, "Ndiyo, mwalimu."

"Mimi nafundisha hesabu mwaka wa ishirini sasa. Mbili na mbili hazijawahi kuniliza. Kazi yako ni nyingine, na kosa ni langu kukuachia ukaibeba peke yako."

Dada, nililia mbele yake, na mbele ya Tatu. Yule mzee hakugeuza uso wala hakuniambia nijikaze. Alingoja nimalize, akasema kisomo cha alasiri atakishika yeye mpaka nipate nguvu. Akasema tena madaftari ya insha nisiyalete nyumbani kamwe, niyasahihishie ofisini naye akiwepo, na insha ikinikamata mahali, nimsomee.

Usiku huo nililala mpaka Tatu akaniamsha.

Niliporudi shuleni, Amne alinifuata ofisini na daftari lake kalikumbatia. Akasema, "Mwalimu, ulikasirishwa na insha yangu?"

"Hapana, Amne. Kwa nini?"

"Hukumaliza kuisahihisha."

Nikamwambia ukweli, kwamba ilinihuzunisha na niliona vibaya kuichorachora. Akanitazama kama mtu asiyeelewa. "Lakini mimi nataka usahihishe. Mama anajua kusoma sasa, kule kwenye kisomo. Nataka nimpe asome, isiwe na makosa."

Mwalimu Dunstan akainamia karatasi zake za hesabu. Mimi nikachukua kalamu. Nikamwuliza Amne, "Hapa, nani amebaki peke yake? Kaburi au bibi?"

Akajibu bila kufikiri, "Bibi."

"Basi hukukosea sana. Andika: Bibi amebaki peke yake kule."

Akaandika taratibu, akaisoma kwa sauti, akatabasamu. Wiki ile nilizimaliza insha zote. Nyingine nilimsomea mwalimu mkuu, na ya yule mbwa ilimfanya mzee avue miwani. Kisha tukaendelea na kazi.

Ngombezi sikurudi. Sitakudanganya kwamba nimepona kabisa. Zipo siku natoka darasani nimechoka kama niliyelima. Lakini nakula, na juzi Tatu aliniambia nimeanza tena kupiga mluzi nikioga. Ijumaa hii darasa la sita wameandika insha ya "Kuku Wetu", tumecheka mpaka darasa la pili wakaja kuchungulia madirishani.

Jana mama yake Amne alikuja shuleni. Hakuniambia mengi. Alisema ile barua ya mwanawe, ndivyo anavyoiita, ameisoma mwenyewe mpaka mwisho, akaomba nimfundishe kuandika ili naye aijibu. Nimemwambia mwalimu mkuu kwamba kuanzia Jumatatu narudi kwenye kisomo.

Msalimie sana shemeji, na watoto wape pole ya baridi. Tatu anakusalimu, na mama anakuombea kila akiswali. Mungu akutunze, dada yangu, na akurudishie wema ulionitendea tangu utotoni.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mzima na mwenye usingizi,

Rehani