Mboga za Duara la Mabula

Jumatatu, 2 Septemba

Nimemwagilia mchicha na chainizi kabla jua halijapanda. Bamia zimeanza kutoa maua. Nyanya zinanitia hasira, zinadondosha maua kwa joto. Nimezitengenezea kichanja cha nyasi ziache kudeka.

Maji ya duara, lile shimo la dhahabu katikati ya bustani, yameshuka tena. Timba jingine limeonekana, gogo jeusi, lenye utelezi. Wachimbaji waliyapanga matimba hayo kushikilia kuta, moja chini ya jingine mpaka huko chini. Nayatazama kila asubuhi kabla hata sijanawa uso.

Mabula yuko chini ya maji hayo. Mume wangu. Mwaka wa pili sasa tangu maji yapasuke ubavuni wakiwa wanachimba. Athumani, mwenzake wa kuchimba, alitoka. Mabula hakutoka. Walileta pampu, wakavuta siku kadhaa, kuta zikaanza kumeguka, wakafungasha mashine zao wakaenda. Kijiji kikapiga marufuku mtu kushuka.

Kushuka ndiko kumekatazwa. Kumwagilia mboga hakujakatazwa. Watu wanadhani nimelima bustani kubwa hivi kwa tamaa. Waache wadhani.

Alhamisi, 5 Septemba

Upepo wa vumbi toka asubuhi. Nimetandaza majani makavu kwenye matuta yote, maana udongo ulikuwa unachoma nyayo.

Halafu upepo ukatulia na pakawa pazuri. Sijui niseme vipi. Nchi yote hii ni kahawia, migunga imebaki miiba mitupu, ng'ombe wanatembea mbavu nje, na hapa katikati nina kijani mpaka macho yanauma. Nyuki wanakuja kunywa kwenye nyayo zangu. Chiriku wanaiba mbegu za mchicha mbele yangu bila aibu. Nilikaa chini ya minyaa nikafurahi. Nilifurahi kweli, hatua chache tu kutoka kwake.

Tetere akalia juu ya mti, na sauti ikamjibu kutoka duarani. Najua ni mwangwi. Nywele zilinisimama hata hivyo.

Jumapili, 8 Septemba

Shija alikuja kula. Ni mdogo wake Mabula, ana mdomo kuliko kazi. Karudia tena yale yale: kuna mtu amemwona Mabula Katoro, kanenepa, ana pikipiki na mwanamke. Kila mwaka anamwona mtu mwingine, na pikipiki inabadilika rangi.

Kwa ajili ya maneno hayo matanga hayajakaliwa. Wazee wa ukoo wanasema hatuwezi kumlilia mtu ambaye huenda yuko hai. Basi mimi si mke wala mjane. Nikivaa vizuri, nimeshapata bwana. Nikivaa vibaya, namlilia mtu aliyenikimbia. Limi, mwanetu, akirudi likizo kutoka bweni huwa haulizi kitu, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Hakunikimbia. Nilimfungia chakula asubuhi ile. Nataka azikwe, basi. Nataka nilie mara moja mbele za watu, kisha ninyamaze.

Jumamosi, 14 Septemba

Segese, gulioni. Mboga zimeisha kabla ya saa nne. Wanawake wanagombea mafungu. Wananiuliza samadi yangu ni ya ng'ombe gani. Hakuna anayeuliza maji.

Nimerudi nyumbani nikapika mchicha wangu mwenyewe kwa karanga. Nilikuwa sijawahi kuula. Nilikaa nao mbele yangu mpaka ukapoa. Kisha nikala wote, nikafuta sufuria kwa ugali. Ulikuwa mtamu. Nimejichukia, kisha nikaona upuuzi kujichukia.

Jumanne, 24 Septemba

Jua halina adabu. Saa tatu tu asubuhi mpini wa jembe haushikiki.

Duara linanifanyia inda. Mchana nashusha, usiku linarudisha. Mchicha hautoshi. Nimefungua matuta mapya mpaka kwenye mpaka wa shamba na nimepanda miche ya matango na kabichi. Sina wa kumuuzia matango yote hayo. Nimeyapanda kwa sababu yanakunywa sana.

Nimeongea na Mabula wakati nachota. Nilimwambia asukume maji na yeye huko aliko. Nikacheka. Halafu kamba ikawa nzito ghafla, kana kwamba ndoo imeshikwa. Ilikuwa imenasa kwenye timba. Sikuchota tena mpaka jioni.

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani tumeombea mvua. Mchungaji alipiga magoti kwenye sakafu, na kina mama wakalia. Mayu, mama mkwe wangu, alilia kuliko wote. Ghala lake limebaki vumbi. Mbegu za mahindi amezifunga kwenye kanga na kulala nazo kichwani ili asizile.

Mimi nilipiga magoti pamoja nao. Midomo yangu ilienda kama yao. Lakini mimi niliomba isinyeshe. Ikinyesha duara litajaa kwa siku moja na kazi yangu yote itakuwa bure. Nilimwomba Mungu anipe wiki chache tu za jua, na watoto wa watu wanalala na uji mwepesi. Niliomba hivyo hivyo, na nikasema amina.

Jumatano, 9 Oktoba

Shija amekuja, safari hii hakukaa. Alisimama nje ya minyaa.

"Shemeji, watu wanasema."

"Watu wamesema siku zote."

"Wanasema umeifunga mvua. Kwamba mboga zako haziwezi kuwa hivi kama hujaifunga."

Kwetu neno hilo si la mzaha. Kuna wanawake wameuawa kwa neno hilo. Nilimjibu kwa kiburi kwamba ninamwagilia kwa mikono yangu, aje aone malengelenge. Akaondoka.

Baadaye kiburi kikaisha. Kwa sababu sina dawa, sina kibuyu, sijui lolote la uganga, lakini nimeomba. Yule anayeitaka mvua isinyeshe ni mimi kweli. Wamekosea njia tu, mtu hawajamkosea. Naogopa. Nimeweka panga nyuma ya mlango.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mayu amekuja bustanini. Hajawahi kukanyaga hapa tangu siku ile. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Alipita kati ya kabichi, akayatazama matango yaliyotambaa kila mahali, akanitazama mimi. Akaenda moja kwa moja mpaka ukingoni, akainama na kuangalia ndani kwa muda mrefu sana. Nilidhani anajitupa. Nilimshika kanga.

"Ng'wana wane," akasema. Mwanangu. Hajaniita hivyo siku nyingi. "Unamtafuta."

Nilijua anachohitaji yeye kuliko kitu chochote ni mvua. Nilijua ana mbegu kichwani. Nikangoja anitukane.

Akafunga kanga kiunoni, akaokota ndoo ya pili. Tumevuta mpaka giza likaingia. Akichoka alikuwa anakaa juu ya jiwe na kuimba kwa sauti ndogo wimbo wa kulimia, akimaliza anasimama tena. Maji yaliyozidi tuliyamwaga porini tu. Hakukuwa na haja ya kusingizia mboga tena.

Jumatatu, 28 Oktoba

Radi upande wa Geita. Mbali bado. Siafu wamehama, wamepita na mayai yao mlangoni kwangu.

Tunavuta alfajiri mpaka usiku. Mikono ya Mayu imechubuka, nimeifunga vitambaa. Hataki kupumzika. Watu wanapita njiani wanasimama kutuangalia. Leo mmoja ametema mate.

Maji sasa yana rangi ya chai na yananuka kutu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mdomo wa njia ya pembeni umeonekana. Ile waliyokuwa wanachimba siku ile. Upande wa juu tu, mstari mweusi juu ya maji.

Nimempigia simu Athumani. Yuko Katoro, ana duka la vifaa, ameapa kutoshuka chini tena maisha yake. Nilimweleza. Nilisikia akimwambia mtu afunge duka. Kisha akasema, "Mama Limi, nakuja. Usimruhusu mtu kushuka kabla yangu."

Wingu limefunika nusu ya mbingu. Nimelitukana kwa sauti.

Jumamosi, 2 Novemba

Athumani kaja na pikipiki, kamba, na kibatari. Kabla ya chochote alisimama ukingoni akamsalimia Mabula kwa jina. Alimwomba radhi. Niligeuka pembeni nisimwone akilia.

Shija alikuja pia, bila kuitwa. Nadhani alitaka kutuzuia. Mayu akamnyooshea kidole akae chini, akakaa.

Athumani aliomba kioo. Nikamletea kile cha ukutani ninachochania nywele. Akakitega kwenye jua la asubuhi, mwanga ukarudi ukashuka duarani, ukateleza timba kwa timba mpaka chini. Akaupeleka kwenye mdomo wa ile njia, akaushikilia hapo.

Gambuti. Moja, limelala, unyayo umetuelekea sisi. Kisigino kina kiraka cha njano.

Mayu ndiye aliyesema. Alisema kile kiraka ni kipande cha ndoo yake, Mabula alikikata na kukiyeyusha jikoni kwake, na yeye ndiye aliyemshikia buti lisicheze. Alisema taratibu, kama anamsimulia mtu njia ya kwenda mahali. Sijui kama mguu ulikuwa ndani ya buti. Sikuuliza. Shija alitazama mara moja, akaenda nyuma ya minyaa, tukamsikia akitapika. Hatasema tena habari za Katoro.

Mimi sikulia. Nilitaka kuruka humo. Nilitaka kumgusa tu.

Athumani akashusha kibatari kwa kamba. Kilipofika karibu na maji kikazimika. Akakipandisha, akakiwasha, akashusha tena. Kikazimika. Hewa ni mbaya, alisema, atakayeshuka hatarudi. Lazima kwanza ipulizwe hewa safi. Kuna mtu ana mashine ya kupuliza. Yeye ataifuata, ailete kesho mapema.

Nilimsihi ashuke leo hii hii, Mabula yupo pale, anaonekana. Nilimshika shati. Akaniambia kwa upole, "Nikifa humo, na wewe utakuwa na wawili wa kuwatafuta."

Nilimwachia shati.

Jumapili, 3 Novemba

Imenyesha.

Imeanza alfajiri. Athumani hakufika, mto umekata barabara. Watu wanapiga vigelegele nyumba kwa nyumba, watoto wako uchi nje. Maji mekundu yanaingia duarani kutoka pande zote. Nilitoka na jembe nikajaribu kuchimba mfereji wa kuyageuza. Tope lilirudi haraka kuliko nilivyochimba. Nikaendelea. Nilipiga kelele, sikumbuki nilisema nini. Hakuna aliyenisikia kwa vigelegele.

Mdomo wa njia umezama mchana. Nilikuwa pale naangalia.

Nawachukia wote wanaofurahi.

Jumatano, 6 Novemba

Nimelala kitandani siku mbili na homa. Leo asubuhi Mayu kaingia, kafungua dirisha, kanivalisha kanga nyeusi bila kuniuliza. Nilimwambia hatujamtoa, hatuna mwili, tutazika nini.

"Tumemwona," akasema. "Mvua imemzika. Sisi tuna kazi ya kulia tu."

Shija mwenyewe ndiye aliyekwenda nyumba hadi nyumba kutoa taarifa ya msiba. Ukoo wote umekuja. Waliotema mate wamekuja. Athumani kafika na tope mpaka magotini. Tulisimama kuzunguka duara. Maji yalikuwa juu kabisa, yametulia. Mayu akachukua udongo wa kwanza akautupa ndani. Mimi nikafuata. Ulitoa sauti ndogo ukapotea.

Hapo ndipo nilipolia. Nililia vibaya, bila ustaarabu, nikagaragara, na wanawake wakanishika kwapani wakaniacha nilie. Hakuna aliyeniambia jikaze.

Msiba haukuwa na chakula, kila nyumba ilikuwa tupu. Nikawaambia wanawake waingie bustanini. Waliingia na vikapu, wakachuma kila kitu: mchicha, chainizi, kabichi zote, bamia, hata matango ya kutafuna njiani. Masufuria matatu makubwa yalijaa. Watu wamekula wakashiba, kwa Mabula, kama inavyotakiwa kwenye msiba wa mtu. Jioni matuta yalikuwa yamebaki mashina na nyayo za watu.

Jumanne, 19 Novemba

Matanga yameisha, wageni wameondoka. Shija ametuma ng'ombe wake wawili, nimelima kwa plau sehemu yote iliyokuwa bustani. Mayu amenipa nusu ya mbegu zake. Tumepanda mahindi, yeye anachimba shimo, mimi nadondosha na kufukia kwa mguu. Ardhi ni laini. Kuna vyura wengi, hatukusikilizana.

Tumemaliza kabla ya jua kuzama. Nimeosha jembe. Wingu kubwa lilikuja kutoka upande wa Geita, likasimama juu yetu, tukatega mitungi nje. Halafu likapita bila kunyesha.

Nilisikitika.