Faili la Kuoga

Arlington, Jumanne, Machi 2006

Ameoga! Siku nne mzee ninayemtunza alinigomea, na ejensi walioniajiri walishasema akiendelea hivyo wataniondoa.

Leo asubuhi nikakumbuka kwamba huyu alikuwa waziri mkuu wa Misri, na kichwani mwake bado ni waziri mkuu. Maisha yake yote hakufanya jambo bila karatasi. Basi nikaandika ombi la kuoga, nikalitia kwenye faili, nikasimama wima mbele yake.

"Mheshimiwa, naomba saini yako."

Akavaa miwani, akasoma taratibu. "Rais ameliona?"

"Ameliona, mheshimiwa." Rais gani, sijui. Mungu anisamehe.

Akasaini, akaenda bafuni mwenyewe.

Baada ya chai akanikabidhi barua: nimeteuliwa waziri wa afya. Nchi hii ya ugenini nimeshafutwa kazi mara tatu. Kuteuliwa, ndiyo mara ya kwanza.