Bwana Harusi Aliyetoroka Hospitali na Moyo Uliovimba

Mama Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako upesi, maana nina furaha mpaka najiogopa, mimi ni Vasemaca wa mji wa Lautoka na Jumamosi naolewa na Waisake, kijana wa miaka ishirini na tisa anayenichekesha mpaka mbavu zinauma, ila tangu aanze kuvuta ile dawa ya kulevya wanayoiita barafu, halali wala hali, kapalilia shamba zima la magimbi ya bibi yangu, kapaka choo rangi kisha akakipaka tena, na juzi kwenye karamu ya uchumba alicheza ngoma ya taralala na shangazi zangu wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka shangazi Litia akapiga kelele, "Jamani, mwacheni bwana harusi apumue!" tukacheka, naye akashika kifua akaanguka kifudifudi kwenye sinia la nguruwe, tukazidi kucheka tukidhani utani, mpaka nikaona midomo imekuwa buluu.

Tulimkimbiza hospitali, na daktari kasema moyo umevimba, unasukuma damu kwa shida, na figo zimeanza kuchoka. Jana akatoroka na gauni la wagonjwa, mgongo wazi, akapita katikati ya soko akipunga mkono! "Vase mpenzi, moyo umevimba kwa ajili yako," akaniambia. "Mama yangu mwambie ni jua tu lililoniangusha." Nimecheka, kisha nimelia. Ninyamaze mpaka tuoane?

*

Vasemaca mwanangu,

Nami nimecheka, hasa hapo sokoni. Sasa tulia unisikie. Moyo huo haukuvimba kwa mapenzi. Hiyo dawa hubana mishipa na kuukimbiza moyo kama farasi anayechapwa bila kupumzishwa, mpaka misuli yake inalegea. Siku yoyote unaweza kusimama, au mshipa ukapasuka kichwani. Nawe unauliza kama unyamaze? Utavaa nguo za msiba kabla ya za harusi!

Lakini usikate tamaa. Wengi wanaoacha kabisa na kufuata matibabu hupata nafuu, hata moyo ukarudi karibu na nguvu zake. Basi mrudishe hospitali, na daktari aambiwe wazi anachovuta, asije akampa dawa isiyomfaa. Mama mkwe ajue. Jumamosi iahirishwe, mchungaji hatakufa. Shangazi Litia akinuna, anune. Waisake akipiga magoti kukubembeleza, mbusu, kisha msukume ndani ya teksi.

Bado unasoma? Inuka, mwanangu. Mpeleke leo, kabla ya chai.